Dawa ya magugu hulipa ndani ya ngitili, si nje yake

MFANYABIASHARA anayenunua maksai katika minada ya Igunga na Nzega mwezi Septemba anajua anachonunua: mnyama mwenye mifupa mikubwa na nyama kidogo. Mvua mkoani Tabora hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ikifika miezi ya mwisho ya kiangazi majani yamekwisha, ng'ombe wamekonda, na mfugaji mwenye shida ya fedha huuza kwa bei anayotajiwa.

Mwenye malisho ya akiba hana haraka hiyo. Yeye hupeleka mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mnyama mwenye uzito wakati wenzake wanapeleka ngozi na mifupa. Tofauti ya bei kati ya wanyama hao wawili ndiyo faida ya biashara hii. Kwa hiyo malisho ni mtaji sawa na mtaji mwingine wowote, na mtaji huo una mwizi wake, nayo ni magugu.

Dawa za kuua magugu zipo madukani, na wauzaji wa pembejeo wanazisifu. Swali la somo la wiki hii ni moja: je, mwenye kuwekeza katika ng'ombe akinyunyizia dawa malishoni, fedha yake inarudi? Jibu ni kwamba hurudi katika malisho yenye mwenyewe na yanayopumzishwa. Katika malisho ya kila mtu, fedha hiyo humwagwa chini pamoja na dawa yenyewe.

NJIA YA ZAMANI, MZIGO MPYA

Barabara ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, mahali ilipo Tabora ya leo. Kutoka hapo tawi moja lilikwenda Uvinza penye chumvi na kuishia Ujiji, na jingine likaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 walikuta kituo cha biashara kilichokwisha kuzoea wageni. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata takriban mwelekeo ule ule. Hata leo ng'ombe wa magharibi wanaokwenda Pugu hufuata upande huo huo wa jua.

Kila kinachosafiri hubeba mbegu. Miembe ya Tabora na Ujiji huhusishwa na misafara hiyo. Ng'ombe naye hubeba mbegu katika kwato, katika manyoya na hasa tumboni, na lori huzibeba katika matairi. Gugu karoti, mmea wa asili ya bara la Amerika, lilithibitishwa kuwapo Arusha mwaka 2010, na barabara ni moja ya njia zake kuu za kuenea. Mnyama akilila, maziwa na nyama hupata ladha mbaya. Mtu akilishika mara kwa mara ngozi humwasha.

Mfanyabiashara wa mifugo, kwa hiyo, hawezi kusema magugu ni shauri la wakulima. Yeye ndiye msafirishaji wake mkubwa.

FUNZO LA KONGWA

Mfano wa kufikiria upo kwenye njia hiyo hiyo, jirani na Mpwapwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Nachingwea na Urambo, hii ya mwisho ikiwa magharibi ya mji wa Tabora. Matrekta yaling'oa vichaka kwa maelfu ya ekari. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kula pauni takriban milioni 36. Udongo, mvua na mashine vyote vilikuwa vimekataa hesabu zilizopangwa mezani.

Sehemu ya ardhi ya Kongwa baadaye ikawa ranchi, ambayo iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO). Katika malisho ya huko umeenea mmea wa ukoo wa viazi vitamu ambao watu wameupa jina la gugu la Kongwa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wameuandikia taarifa. Ng'ombe hawaupendi. Hula majani yaliyo jirani nao na kuuacha wenyewe usimame, kwa hiyo kila msimu gugu hupata nafasi zaidi na majani hupata pungufu.

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Gugu huingia mahali ambapo majani yameshindwa, ama kwa kung'olewa, ama kwa kuliwa kupita kiasi, ama kwa moto wa wakati mbaya. Dawa humwondoa mwizi, lakini haifungi mlango.

DAWA NI ZA NAMNA GANI

Mnunuzi anapaswa kujua makundi manne kabla hajafungua pochi.

Kundi la kwanza ni 2,4-D, iliyoko sokoni duniani tangu miaka ya 1940. Huiga homoni ya ukuaji ya mmea, na gugu la majani mapana hukua bila mpango hadi likafa. Majani ya jamii ya nyasi hayadhuriki kwa kipimo cha kawaida. Hii ndiyo sababu hutumika katika mahindi, mpunga na malisho. Kasoro yake ni kwamba haibagui gugu na mikunde. Mwenye malisho yaliyochanganywa na mikunde ya kulisha ng'ombe ataua pia chakula alichokipanda.

Kundi la pili ni glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Hii huua karibu kila kilicho kibichi, nyasi zikiwamo. Kuinyunyizia malisho mazima ni kuyaanzisha upya kutoka udongo mtupu. Inafaa kwa kugusa gugu moja moja tu.

Kundi la tatu ni dawa za vichaka, kama traiklopiri. Mkulagembe, ule mti wa miiba unaofunga mbuga, ukikatwa kwa shoka huchipua upya kutoka mizizini kwa wingi kuliko mwanzo. Njia yenye nafuu ni kukata shina na kulipaka dawa papo hapo kwa brashi kabla halijakauka. Dawa hutumika kidogo na jirani yake hadhuriki. Lakini mwenye hesabu hataumaliza mkulagembe wote. Maganda yake ni chakula cha mbuzi na ng'ombe wakati wa kiangazi, na kuni zake zina soko. Ni wingi wake unaokuwa gugu.

Kundi la nne ni dawa zinazokaa muda mrefu, kama pikloramu na aminopiralidi. Hizi zina nguvu, na zina hatari yake ya pekee ambayo itaelezwa mbele.

Ipo pia ya tano ya kukataa kabisa. 2,4,5-T ilitumika zamani kuua vichaka katika nchi nyingi, lakini ilikuwa ikichafuliwa na sumu ya dioksini, na Marekani ilifuta matumizi yake yaliyobaki mwaka 1985. Anayeletewa dumu la zamani la dawa hiyo kwa bei ya kutupa asilipokee.

HESABU YA HEKTA 100

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ifuatayo ni ya kufundishia, na kila msomaji aweke bei za mnada wake na duka lake mahali pa hizi.

Ng'ombe wa kilo 250 hula majani makavu yapatayo asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo. Kwa mwaka ni takriban kilo 2,280. Tuseme hekta moja ya malisho mazuri inatoa kilo 2,000 za majani makavu kwa mwaka. Kanuni ya malisho ni kula nusu na kuacha nusu ili mizizi isife, kwa hiyo kilo 1,000 tu ndizo za kuliwa. Hekta 100 zitatosha ng'ombe 43.

Sasa tuseme magugu yamekamata hekta 40 kati ya hizo. Zinabaki hekta 60, na ng'ombe wanaotosheka ni 26. Magugu yamekula nafasi ya ng'ombe 17 bila kelele wala mbwa kubweka.

Mwekezaji anaamua kunyunyizia hekta hizo 40. Tuseme dawa, kibarua, maji na vifaa vinafika shilingi 60,000 kwa hekta. Maksai ananunuliwa shilingi 800,000 kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, tiba na josho ni shilingi 25,000 kwa kila mnyama, na kila maksai anaongeza kilo 80 kwa mwaka zinazouzwa shilingi 4,000 kila moja. Majani hayarudi yote mara moja. Mwaka wa kwanza yanarudi nusu, kwa hiyo ng'ombe wa nyongeza ni 8.

Mwaka wa kwanza:
Mapato ya uzito ulioongezeka: 2,560,000
Kunyunyizia hekta 40: 2,400,000
Riba ya mtaji wa ng'ombe 8: 1,152,000
Tiba na josho: 200,000
Hasara: 1,192,000

Mwaka wa pili, akinyunyizia hekta 10 tu zilizobaki na vichipukizi, na ng'ombe wa nyongeza wakiwa 17:
Mapato: 5,440,000
Kunyunyizia: 600,000
Riba: 2,448,000
Tiba na josho: 425,000
Faida: 1,967,000

Kwa miaka miwili faida halisi ni shilingi 775,000. Si haba, lakini mambo matatu yaonekane wazi. Kwanza, mwaka wa kwanza ni wa hasara, na anayetegemea kulipa deni la dawa kwa mauzo ya mwaka huo huo atauza ng'ombe wa mtaji. Pili, faida yote imo katika mwaka wa pili na kuendelea. Tatu, mwaka huo wa pili upo tu ikiwa majani yamerudi na kubaki. Jirani akiingiza ng'ombe wake 30 mara majani yanapochipua, au mwenyewe akiongeza wanyama kabla ya wakati, gugu hurudi na hasara ya mwaka wa kwanza hubaki bila wa kuilipa.

Aidha, kung'oa kwa mikono kuingizwe katika mashindano. Kama hekta moja inahitaji vibarua 10 kwa siku moja na kila mmoja analipwa shilingi 5,000, gharama ni shilingi 50,000, chini ya dawa. Kwa gugu la mwaka mmoja linalong'oka kabla ya kutoa maua, jembe linaweza kuishinda dawa sokoni. Kwa mti unaochipua kutoka mizizini, dawa ya kupaka shina ndiyo yenye nafuu.

NGITILI: MLANGO WENYE KOMEO

Wasukuma na Wanyamwezi wanao utaratibu wa siku nyingi unaoitwa ngitili. Eneo la malisho hufungwa wakati wa mvua majani yakue na kukomaa, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ng'ombe wa mwenye eneo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioendeshwa tangu 1986 hadi 2004, uliufufua utaratibu huo, na zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa majani na miti. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Ufufuo huo ulitegemea hasa kufunga eneo, kulisimamia kwa sheria za kijiji na za kimila, na kuipa ardhi muda. Majani yenye nguvu hulifunika gugu changa likakosa jua. Dawa ikiingia humo huwa msaada: hufupisha kazi ambayo majani yangeifanya kwa miaka mingi. Ikitumika nje ya ngitili, inafungua uwanja kwa gugu jingine.

Kwa mwekezaji asiye mwenyeji, maana yake ni kwamba karatasi hutangulia dawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hatimiliki ya kimila, na sheria ya maeneo ya malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010 inatambua malisho kama ardhi ya kupangiwa na kulindwa. Katika Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti viliunganisha malisho yao na kuyapatia hati. Anayetaka kukodi ngitili Nzega au Igunga aone kwanza makubaliano yaliyopita katika serikali ya kijiji, yenye mipaka, muda na idadi ya ng'ombe.

HATARI ZISIZOANDIKWA KWENYE RISITI

Tabora ni mkoa wa tumbaku, na Igunga na Nzega hulima pamba. Mimea hiyo miwili ni miongoni mwa ile inayodhurika upesi na dawa za jamii hii. Upepo ukipeleka ukungu wa 2,4-D katika shamba la jirani, majani hujikunja na mavuno hupungua. Fidia ya ekari moja ya tumbaku inaweza kumeza faida yote iliyohesabiwa hapo juu.

Pikloramu na aminopiralidi zina njia ya pili. Ng'ombe anayekula majani yaliyonyunyiziwa huitoa dawa hiyo katika mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Samadi ikipelekwa kwenye nyanya, maharage, viazi au tumbaku, mmea huumia. Nchini Uingereza mwaka 2008 mauzo ya dawa za aminopiralidi yalisimamishwa kwa muda baada ya wenye bustani kuona nyanya na maharage yao yamepinda kwa sababu ya samadi. Mfugaji anayeuza samadi au majani makavu, kwa hiyo, anauza pia historia ya malisho yake. Mnunuzi ana haki ya kuiuliza.

Ipo hatari nyingine kwa ng'ombe wenyewe. Mmea wenye sumu ambao kwa kawaida mnyama huuepuka huweza kumvutia baada ya kunyunyiziwa, unapoanza kunyauka. Ng'ombe waondolewe hadi magugu yakauke kabisa. Kibandiko cha chupa hueleza siku za kusubiri kabla ya kulisha, kukamua, kuvuna majani makavu na kuchinja; siku hizo hutofautiana kwa kila dawa na hazikisiwi.

Nyuki nao ni mali ya Tabora. Mizinga iliyo karibu na malisho inahitaji kujulishwa, na kunyunyizia magugu yaliyo katika maua kuepukwe.

KIPIMO KATIKA BOMBA

Hasara nyingi za wanunuzi wadogo hutokana na kipimo. Tuseme kibandiko kinataka lita 2 za dawa kwa hekta katika lita 200 za maji. Bomba la mgongoni la lita 15 litajazwa mara 13 na kidogo, kwa hiyo kila bomba linahitaji mililita 150 za dawa. Mpigaji apimwe kwanza kwa maji matupu: katika mita za mraba 100 anapaswa kumaliza lita 2. Akimaliza 3, anatembea polepole mno na dawa ya hekta moja itaishia theluthi mbili ya eneo.

Wakati mzuri ni magugu yanapokuwa machanga na yenye nguvu, wiki chache baada ya mvua za kwanza, asubuhi isiyo na upepo na isiyo na dalili ya mvua ya karibu. Gugu lililokomaa na kukauka nusu halinywi dawa. Mpigaji avae glavu, buti za mpira, nguo ndefu na kinga ya macho. Chupa tupu isuuzwe mara 3, maji hayo yarudishwe katika bomba, kisha chupa itobolewe isije ikawa ya maji ya kunywa. Bomba lisioshwe katika lambo la mifugo.

YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Mwenye kukusudia kununua dawa msimu ujao ajibu maswali haya kwa maandishi:

1. Gugu ni lipi, la mwaka mmoja au la mizizi ya kudumu, na limekamata hekta ngapi zilizopimwa kwa miguu?
2. Malisho ni ya nani, na nani ana haki ya kuwazuia ng'ombe wa wengine?
3. Yatapumzishwa miezi mingapi baada ya kunyunyiziwa, na ng'ombe watakula wapi muda huo?
4. Dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) yenye makao Arusha, na kibandiko chake kinasomeka?
5. Jirani analima nini upande upepo unakoelekea?
6. Mwaka wa kwanza ukiwa wa hasara, deni litalipwa na nini?

Ng'ombe wanaonunuliwa mnadani wakae katika zizi siku 3 hadi 5 wakilishwa majani safi kabla ya kuingizwa ngitili, mbegu walizobeba tumboni zitoke huko. Kinyesi hicho kikusanywe mahali pamoja na magugu yatakayoota yang'olewe. Hatua hii haihitaji chupa wala bomba, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote zilizotajwa.

Anayekosa jibu la swali la pili na la tatu asinunue dawa bado. Fedha hiyo aiweke kwanza katika mipaka, uzio wa miiba na makubaliano ya kijiji. Majani yakisha kupata mwenyewe, lita chache za dawa zitafanya kazi ambayo leo hata madumu kumi hayawezi kuifanya.